Kuku wa jina na kuku wa sufuria: nani ni nani uani?

Uliza nyumba yoyote ya Kampala, Jinja au Arua kama kuku wanaochakura nyuma ya jiko ni wa kupendwa au wa kuliwa. Mtoto atakuonyesha kuku wake na kukutajia jina lake. Mama atamwonyesha huyohuyo na kusema ni madaftari ya muhula ujao. Baba ameshamhesabia wageni wa Krismasi. Wote watatu wanasema kweli, na hapo ndipo ufugaji mdogo unapoharibika: kuku mmoja amebebeshwa mipango mitatu, na hakuna aliyemlisha, kumtibu wala kumwekea alama kulingana na mpango wowote.

Msimamo wetu ni kwamba swali hili halijibiwi kwa kundi zima. Linajibiwa kuku kwa kuku, tena mapema, kabla hajafikisha miezi mitatu. Aina unayonunua, chakula unachompa, dawa unayomtia kinywani na umri utakaomwacha afikishe vinategemea jibu hilo. Ukilichelewesha, kuku mwenyewe atakujibu: atavunjika miguu, ataacha kutaga, au utamchinja akiwa bado na dawa mwilini.

Kuna nafasi ya tatu na ya nne

Watu wanaoandika kuhusu kuku wa nyumbani katika nchi tajiri huwagawa mafungu mawili, rafiki na kitoweo. Hapa Uganda mgawanyo huo hautoshi. Kuku wa kienyeji ni akiba, na mara nyingi ni akiba ya watu wasio na nyingine. Katika familia nyingi ng'ombe ni wa baba, na hata kumuuza mbuzi kunahitaji kikao, lakini mama anaweza kumuuza kuku asubuhi akarudi na sukari, sabuni na kalamu za watoto. Ndiyo maana kuku wengi wa vijijini hawaliwi na waliowafuga. Husafiri juu ya mabasi na malori kutoka Teso na kwingineko hadi masoko ya Kampala, nao wafugaji wao hula maharage.

Kuku pia ni ulimi wa heshima. Katika kwanjula, sherehe ya utambulisho wa ndoa ya Buganda, jogoo hai huletwa kwa ajili ya muko, kaka wa bibi harusi, na shughuli isiyo na jogoo huyo huonekana imepungukiwa. Mgeni mkubwa hupikiwa luwombo, kuku aliyefungwa ndani ya majani ya ndizi na kuivishwa kwa mvuke, na firigisi huwekewa mwenye nyumba au mgeni anayeheshimiwa. Kwa vizazi vingi wanawake wa Buganda walikatazwa kula kuku na mayai. Waliwalisha, waliwapika, lakini hawakuwala. Mwiko huo umelegea sana, ingawa bado wapo bibi wasioonja. Ni vizuri ukavunjika kabisa, hasa kwa upande wa mayai: yai moja lina takriban gramu 6 za protini bora, na mama mjamzito au mtoto aliyeachishwa ziwa anaihitaji kuliko mgeni wa Jumapili.

Kwa hiyo, kabla ya kuuliza kama utamla au utampenda, uliza pia kama ni wa kuuza au wa kutolewa zawadi. Nafasi hizo nne hazina matunzo sawa.

Aina ndiyo huamua nusu ya jambo

Kuku wa nyama wa kisasa hafai kabisa kuwa kuku wa jina. Amechaguliwa kizazi baada ya kizazi akue haraka, afikishe kilo 2 au zaidi ndani ya wiki 6. Mtoto akimhurumia na kumwacha aendelee kuishi kwa chakula kilekile, mwili unauzidi nguvu moyo na miguu. Kufikia wiki ya 9 au ya 10 wengi huchechemea au hukaa tu. Tumbo hujaa maji, kilemba hugeuka zambarau, na siku moja anakutwa amekufa karibu na chombo cha maji. Anayetaka kumpa mtoto kifaranga cha kumlea asinunue cha aina hii, hata kikiuzwa bei rahisi.

Vifaranga vya kiume vya kuku wa mayai nao huuzwa bei ya chini sana. Katika mahuluti mengi ya kahawia, majike huanguliwa wakiwa na manyoya ya kahawia na madume wakiwa weupe au njano. Muuzaji akikuletea kisanduku cha vifaranga vyote vya njano na kukuahidi trei za mayai, ahadi hiyo ichunguze. Madume hawa hukua polepole na nyama yao ni kidogo, ila wana afya, na mmoja wao anaweza kuwa jogoo wa nyumba aliye mtulivu.

Kuku wa mayai wa kisasa huanza kutaga wiki ya 18 hadi ya 20, hufika kileleni kwenye wiki ya 25 hadi ya 30, na wafugaji wa biashara humtoa akiwa na wiki 72 hadi 80. Hapo hajafikisha hata miaka miwili. Akitunzwa anaweza kuishi mitano au zaidi, akitaga kidogo kila mwaka. Ukimfuga kama rafiki ujue mapema kwamba miaka mingi ya maisha yake atakula bila kukulipa.

Kuroiler, chotara kutoka India waliosambazwa nchini kuanzia mwaka 2010 hivi, ni wa kati. Madume hunenepa vizuri kwa kuchakura na kuongezewa kidogo, majike hutaga kuliko wa kienyeji, lakini wengi wao hawalalii mayai. Wa kienyeji hutaga mayai 10 hadi 15 kwa mkupuo, mikupuo mitatu hivi kwa mwaka, kisha huyalalia kwa siku 21 na kulea mwenyewe. Kwa nyumba inayotaka kila kitu kidogokidogo, yaani kifaranga cha mtoto kuchezea, yai la asubuhi na jogoo wa sikukuu, kuku wa kienyeji bado hana mpinzani. Mayai yake machache ni gharama ya kuwa mama, na kazi hiyo mashine ya kuangulia ingekudai umeme.

Weka alama kabla ya kuweka jina

Ukishaamua nafasi ya kila kuku, iandike mwilini mwake. Funga utepe wa kitambaa mguuni, rangi moja kwa wa kutaga na kubaki, nyingine kwa wa kuuzwa au kuchinjwa. Wa jina mpe pete ya plastiki ambayo haifanani na nyingine. Kagua kila wiki mbili, kwa sababu mguu wa kuku anayekua hunenepa na utepe uliobana hukata ngozi hadi mfupa. Kidole chako cha mwisho kikipita kati ya utepe na mguu, nafasi inatosha.

Andika daftarini tarehe ya kuangua, chanjo na dawa. Ukurasa mmoja kwa kundi la kuku kumi unatosha, lakini uwepo. Bila daftari hakuna atakayekumbuka nani alipewa dawa ya kikohozi wiki iliyopita.

Chakula kimoja hakiwafai wote

Kosa la kawaida uani ni kununua gunia moja la chakula cha kuku wanaotaga na kuwamwagia wote. Chakula hicho kina kalsiamu ya asilimia 3.5 hadi 4 kwa ajili ya maganda ya mayai. Jogoo, vifaranga na koo mzee aliyeacha kutaga hawana pa kuipeleka, na figo zao ndizo huumia. Katika kundi mchanganyiko wape wote chakula cha kuku wanaokua, chenye protini ya asilimia 16 hadi 18, kisha weka bakuli la pembeni lenye maganda ya konokono yaliyopondwa au chokaa ya mifugo. Wanaotaga wataifuata wenyewe, na wasiotaga wataiacha.

Kuku anayetaga aliyefungiwa hula gramu 110 hadi 120 kwa siku, sawa na kilo 40 na ushee kwa mwaka. Zidisha kwa bei ya kilo dukani kwako, na utajua rafiki huyo anakugharimu nini siku atakapostaafu. Pumba za mahindi peke yake hazijengi mwili wala yai. Kuku hushiba huku akikonda. Ukichanganya mwenyewe, protini itoke kwenye mashudu ya alizeti au soya, na kwenye mukene, yaani dagaa wa ziwani. Mukene upime kwa jicho na kwa maji: tia kijiko ndani ya glasi, koroga, subiri dakika moja. Mchanga ukilala chini, umeuziwa ufuo wa ziwa kwa bei ya samaki. Mahindi yenye ukungu usiwape hata kidogo, kwani sumu yake huharibu ini la kuku na haiondoki kwa kuanika juani.

Maji yasikatike, robo lita kwa kuku kwa siku na zaidi kipindi cha joto. Kuku anayetaga akikosa maji siku nzima anaweza kusimamisha kutaga kwa siku kadhaa.

Banda lenyewe si jambo la kutatiza. Wanne au watano kwa kila mita ya mraba, fito la kulalia lenye sentimita 20 kwa kila mmoja, kiota kimoja kwa kuku wanne, na chini tandaza maganda ya kahawa au maranda kwa kina cha sentimita 5 hadi 10. Yakilowa yaondoe siku hiyohiyo, maana harufu ya amonia inayochoma macho yako imeshachoma mapafu yao. Nguchiro na fungo hupita kwenye tundu ambalo ngumi inapita. Waya wa kuku wenye matundu makubwa humzuia kuku asitoke lakini haumzuii mnyama mwenye meno, kwa hiyo mita moja ya chini ya ukuta iwe ya mbao, matofali au waya wa matundu madogo.

Dawa ndiyo mpaka ulio mgumu zaidi

Hapa ndipo tofauti ya kuku wa jina na kuku wa sufuria inapogusa afya ya watu. Viuavijasumu kama oksitetrasaiklini na tailosini hununuliwa bila shida katika maduka ya dawa za mifugo, pale Container Village jijini Kampala na mijini kote, na wengi huvichanganya kwenye maji ya kundi zima mara kuku mmoja anapopiga chafya. Kila dawa ina muda wa kusubiri ulioandikwa kwenye lebo, idadi ya siku ambazo nyama au mayai hayafai kuliwa baada ya dozi ya mwisho. Nyama ina siku zake, mayai yana siku zake, na dawa nyingine haziruhusiwi kabisa kwa kuku wanaotaga. Muda huo huanza kuhesabiwa siku dozi ilipomalizika, si siku ilipoanza. Kupika hakuondoi mabaki yote ya dawa. Na anayekula mabaki hayo mara kwa mara husaidia kuzalisha vijidudu sugu, ambavyo kesho hospitalini vitakataa kutibika.

Kwa hiyo mtenge kuku mgonjwa, mpe dawa peke yake, na daftarini andika tarehe ya mwisho wa kusubiri kwa herufi kubwa. Kwa kuku wa jina ambaye hataliwa, daktari wa mifugo ana uhuru zaidi wa kuchagua dawa. Lakini mayai yake bado yanaliwa, na familia nyingi husahau hilo.

Chanjo hazina ubishi, kila kuku azipate. Muuaji mkubwa ni kideri, wengi hapa humwita Newcastle tu: kuhara kijani, shingo kupinda, mabawa kuning'inia, na kundi zima kwisha ndani ya wiki. Chanjo ya I-2 hutiwa tone moja kwenye jicho moja, na kurudiwa kila miezi mitatu. Inavumilia joto kuliko nyingine, hivyo inawafaa walio mbali na friji. LaSota, chanjo nyingine ya kideri, hutiwa kwenye maji, na hapo ndipo inapoharibika: maji ya bomba yenye klorini huua chanjo. Tumia maji ya mvua au ya kisima safi, ongeza maziwa ya unga yasiyo na mafuta gramu 2 hivi kwa lita, wanyime kuku maji kwa saa moja au mbili kabla, na yaliyobaki baada ya saa mbili yamwage. Chupa nyingi zina dozi 100 au zaidi na hazihifadhiki zikishafunguliwa. Mwenye kuku wanane akubaliane na majirani wachanje siku moja. Ni nafuu, na mtaa mzima unapata kinga. Vifaranga wapate pia chanjo ya ugonjwa wa Gumboro katika wiki ya pili na ya nne, na ya ndui kwa sindano ya bawa wakiwa na wiki 6 hadi 8.

Jogoo wa zawadi

Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, walisema wazee, na wafugaji wa leo wanapaswa kuurefusha muda wa kamba hiyo. Jogoo aliyeletwa kutoka kijijini, aliyebaki kwenye sherehe au aliyenunuliwa sokoni mkesha wa sikukuu ndiye mlango mkuu wa kideri. Amepita kwenye vikapu na kuku wa wilaya tatu, na anaweza kuonekana mzima ilhali ugonjwa unachemka ndani, kwa kawaida siku 5 au 6, wakati mwingine hadi 15. Mfunge mbali na wengine kwa wiki tatu, na vyombo vyake visishirikiwe. Mlishe wa mwisho, kisha unawe mikono na miguu. Aliyenunuliwa wa kuliwa achinjwe siku hiyohiyo bila kuguswa na kundi.

Kideri kikishaingia, watu huchinja wagonjwa haraka ili wasipate hasara. Nyama iliyoiva haiambukizi kideri, lakini manyoya, damu na utumbo uliotupwa jalalani humaliza kuku wa mtaa mzima. Chimba, zika, funika kwa chokaa au majivu. Kuku aliyekufa mwenyewe asiliwe hata kidogo. Uganda ilithibitisha mafua ya ndege Januari 2017, kwanza kwa ndege pori waliokutwa wamekufa kando ya Ziwa Victoria karibu na Entebbe, kisha kwa bata na kuku wa kufugwa. Vifo vingi vya ghafla viripotiwe kwa ofisa wa mifugo wa wilaya kabla mtu hajashika kisu.

Mikono ya watoto

Kuku wa jina hubebwa, hupakatwa, hubusiwa. Salmonela hukaa kwenye kinyesi na manyoya ya kuku anayeonekana mzima kabisa. Mtoto anawe kwa sabuni kila anapotoka bandani, asimbusu kuku mdomoni, na kuku asilale jikoni. Kwa watoto chini ya miaka mitano sheria hii iwe kali, kwa sababu kuhara kwao huwa kwa hatari.

Kuku wa jina akizeeka, magamba ya miguu yake yatainuka na kukauka. Ni utitiri. Loweka miguu kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni, sugua polepole kwa mswaki wa zamani, paka mafuta mazito ya vaselini, rudia kila wiki kwa wiki nne. Kucha za jogoo mzee zikirefuka zikate ncha tu. Ndani ya kucha kuna mshipa.

Siku ya kisu

Aliyekusudiwa kuliwa anyimwe chakula kwa saa 8 hadi 12, asinyimwe maji. Utumbo mtupu haupasuki ukachafua nyama. Katika nyumba nyingi za Uganda, hata za Wakristo, huitwa Mwislamu achinje ili kila mgeni ale kwa amani, na ni desturi inayofaa kuendelea. Kisu kiwe kikali kweli, mkato uwe mmoja unaopita mishipa yote miwili ya damu, na kuku aachwe avuje damu kwa dakika mbili kabla ya maji ya moto. Lita tatu za maji yanayochemka ukichanganya na lita mbili za baridi utapata joto la karibu nyuzi 65. Mtumbukize kwa sekunde 45 hadi 60, vuta unyoya wa bawa. Ukitoka bila nguvu, mtoe. Maji yanayochemka moja kwa moja hupika ngozi, nayo huchanika pamoja na manyoya. Unapotoa matumbo, kibofu cha nyongo kikatwe pamoja na kipande cha ini kilichokishika, maana nyongo ikimwagika uchungu wake hauoshwi.

Pora wa miezi mitano huiva kwa muda wa chini ya saa moja. Koo wa miaka mitatu anahitaji saa mbili hadi tatu juu ya sigiri kwa moto mdogo, na kwa luwombo ndiye mwenye mchuzi mzito kuliko wote. Asichomwe. Nyama yake kavu itabaki kama kamba.

Kuhusu watoto tuna neno moja zito. Mtoto aliyepewa kuku akaambiwa "huyu ni wako" asirudi shuleni akamkuta mezani. Uongo wa "ametoroka" hugunduliwa mapema, na baada yake mtoto hatawalisha tena kuku wa nyumba hiyo kwa moyo. Kama mapato yanabana na kuku wa jina lazima aende, mwambie siku chache kabla, na umpe chaguo la kweli: abadilishwe na kuku wa jirani wa umri uleule ambaye ndiye atachinjwa, auzwe na fedha inunue vifaranga viwili atakavyochagua mwenyewe, au apelekwe kwa bibi kijijini alalie mayai. Koo wa kienyeji anayelea vizuri hapati taabu kupata mwenyeji.